Salama, Ila: Uhakiki wa Utenzi Tunaouimba Msibani

Miaka michache iliyopita tulikwenda msibani katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa amefariki kwa degedege. Ulikuwa mwezi wa Aprili, mbu wengi, na pamba ilikuwa imeanza kupasuka shambani. Wanawake walikuwa ndani pamoja na mama wa marehemu, wanaume walikaa nje kuzunguka moto, na sisi wanakwaya tulikuwa kwenye mabenchi chini ya turubai. Tukaanza kuimba ule utenzi ambao wengi wetu tunaujua bila kushika kitabu, "Ni Salama Rohoni Mwangu".

Tulipofika ubeti wa pili, mama wa mtoto akalia kwa sauti. Mama mmoja wa kanisa, mtu mzima tunayemheshimu, akamshika bega akamwambia, "Nyamaza, mwanangu. Wewe umeokoka. Ukilia hivi watu watasema huna imani." Akanyamaza. Tukaendelea kuimba.

Wakati huohuo, nyuma ya nyumba, wanaume wawili watatu wa ukoo walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini ni nani aliyefanya jambo lile. Wakataja jina la bibi mmoja jirani, mjane, mshirika mwenzetu ambaye kila Jumapili huketi benchi la tatu. Bibi yule hakuwepo msibani. Baadaye nilielewa kwamba aliogopa kuja.

Nilisikia yote mawili, na niliimba mpaka ubeti wa mwisho. Makala hii imetokana na aibu ya siku ile. Nataka tuupime utenzi huu kwa makini, tujiulize kama kweli unafundisha yale tunayoyafanya nao. Maoni yangu, nayasema mapema, ni kwamba utenzi wenyewe ni mkweli kuliko matumizi yetu. Tumeuchukua wimbo wa mtu aliyeumia tukaufanya amri ya kutokuumia. Una upungufu wake pia, nao nitautaja.

Kwanza tuangalie ulikotoka. Maneno yake yaliandikwa kwa Kiingereza na Horatio Spafford, mwanasheria wa mji wa Chicago, Marekani. Moto mkubwa ulioteketeza Chicago mwaka 1871 ulimtia hasara kubwa. Mwaka 1873 mke wake Anna na binti zao wanne walipanda meli iliyoitwa Ville du Havre kwenda Ulaya, naye akabaki nyuma kwa ajili ya shughuli zake. Tarehe 22 Novemba meli ile iligongana na nyingine katika bahari ya Atlantiki, ikazama kwa muda wa dakika 12 hivi. Watu 226 walikufa, na binti wote wanne walikuwa miongoni mwao. Anna aliokolewa. Alipofika Wales alimpelekea mumewe telegramu kumjulisha kwamba ameokoka peke yake. Spafford alipanda meli kumfuata, na husimuliwa kwamba maneno ya utenzi yalimjia alipokuwa akipita karibu na mahali walipozama watoto wake. Philip Bliss alitunga tuni, utenzi ukachapishwa mwaka 1876, na tuni ile ikapewa jina la meli iliyozama.

Wahubiri wengi husimulia habari hii na kuishia hapo. Husema, "Tazameni imani! Watoto wanne, naye hakutikisika." Sisi tulio jirani na Ziwa Victoria tungepaswa kuwa waangalifu na maneno hayo. Wilaya yetu ya Busega inagusa ziwa lile. Wengi tunaikumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Waliosimama ufukweni siku zile wakingoja miili ya ndugu zao walitikisika, na kati yao walikuwemo watu wa imani thabiti. Sidhani Spafford alikuwa tofauti nao. Na ukiusoma utenzi wenyewe polepole, hudai popote kwamba alikuwa tofauti.

Tuanze na picha ya mwanzo. Katika Kiingereza mshairi alifananisha amani na mto. Mtafsiri wetu aliuacha mto akaweka shwari, yaani maji yaliyotulia. Kwa mtu wa Simiyu naona alifanya vizuri. Mito yetu mingi huwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi, tukachimba humo kutafuta maji, na mvua ikinyesha huja kwa kishindo ikasomba ng'ombe na watu. Mto kwetu si picha rahisi ya amani. Lakini kuna faida kubwa zaidi. Neno shwari ndilo Biblia yetu inalolitumia katika Marko 4, pale Bwana Yesu alipoukemea upepo na ziwa likatulia. Kwa hiyo anayeimba utenzi huu kwa Kiswahili amekwisha kuingia ndani ya ile mashua, hata kama hajatambua. Nitarudi kwenye mashua hiyo.

Neno la pili ni salama. Hapa naomba tufikiri jinsi tunavyosalimiana. Mtu ametoka Maswa, amekutana na ndugu yake stendi ya Bariadi. "Habari za nyumbani?" "Salama." "Watoto?" "Salama." "Mvua huko?" "Salama tu." Wakishamaliza hayo yote ndipo anaposema, "Ila mama mdogo tulimzika juzi." Kwa Kisukuma ni vilevile. Tunajibu "mhola" kwanza, habari nzito inafuata. Mgeni asiyetujua anaweza kusema tunadanganya. Hatudanganyi. Ile salama ya kwanza inasema kwamba tungali pamoja, na kwamba kuna mahali pa kukaa tukazungumza. Baada ya kuweka msingi huo, ndipo ila inapoleta msiba wenyewe. Asiyekuwa na nafasi ya kusema ila hajasalimiwa bado.

Naamini ndivyo salama ya utenzi huu ilivyo. Ubeti wa kwanza unaweka amani na shida bega kwa bega, wala haufichi kwamba zote mbili humfikia mtu yuleyule. Ubeti wa pili unamtaja Shetani na mateso yake, kisha unatoa sababu ya kujipa moyo: Kristo ameuona unyonge wa mwimbaji, akamfia. Angalia sababu hiyo vizuri. Salama haikujengwa juu ya nguvu za anayeimba. Imejengwa juu ya kwamba kuna Mmoja aliyeona jinsi alivyo dhaifu. Mtu aliyekatazwa kuonyesha udhaifu wake hawezi kuuimba ubeti huo kwa kweli, naye mama wa mtoto yule tulimnyamazisha katika ubeti huohuo.

Ubeti wa tatu unahusu dhambi zilizowekwa msalabani, nao nitaufafanua baadaye. Ubeti wa mwisho unamwomba Bwana aiharakishe siku ya kuja kwake. Anayeomba siku ije anakiri kwamba mambo bado hayajakamilika. Na mahali hapo ndipo mwimbaji anapotaja kutokuogopa, tena kwa wakati ujao: hataogopa Bwana atakaposhuka. Hasemi kwamba leo, akiwa juu ya maji yaliyomeza watoto wake, haogopi. Utenzi unampa mwimbaji ruhusa ya kuwa na hofu leo na kuwa na tumaini la siku ile. Sisi tumeiondoa ruhusa hiyo.

Sasa niseme upungufu wake. Utenzi huu ni wa mtu mmoja. Ni roho yangu, dhambi zangu, unyonge wangu. Anna, aliyekuwa ndani ya maji yale, hasikiki humo. Hakuna sisi, na hakuna kilio kilichotamkwa kama kilio. Mtu anayeuimba peke yake safarini anaweza kutosheka nao, lakini kusanyiko lililokaa na mama aliyefiwa linahitaji zaidi. Ndiyo maana Mungu alitupa Zaburi. Katika Zaburi ya 13 mwimbaji anamwuliza Bwana atamsahau hata lini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila kufungwa kwa shangwe, na bado ni Neno la Mungu. Bwana mwenyewe, akijua kwamba muda mfupi ujao angemwita Lazaro atoke kaburini, alilia machozi mbele ya watu. Hakuna aliyethubutu kumwambia anyamaze. Kwa hiyo pendekezo langu kwa viongozi wa kwaya si kuuacha utenzi huu. Tusiuimbe peke yake, na tusiuimbe ili kufunika kilio. Isomwe kwanza zaburi ya maombolezo, watu walie, kisha tuimbe.

Turudi kwenye mashua ya Marko 4. Baadhi ya wale wanafunzi walikuwa wavuvi. Walilijua ziwa lile kama mkulima wa Itilima anavyolijua wingu la kweli na la uongo. Waliogopa kwa sababu walijua wanachokiona. Yesu alikuwa amelala, nao wakamwamsha kwa swali zito: je, hajali kwamba wanaangamia? Swali lao halikuwa kama ana uwezo. Lilikuwa kama anajali. Nadhani hilo ndilo swali la kila nyumba yenye msiba, hata isipolitamka.

Tazama mpangilio wa matendo yake. Kwanza aliamka. Pili aliukemea upepo. Tatu, maji yakiwa yametulia, ndipo alipozungumza nao juu ya hofu yao na imani yao. Hakuwapa somo la imani huku mawimbi yakiwapiga. Sisi mara nyingi tunageuza mpangilio huo. Mtu angali anazama, tunamhoji imani yake, na msaada tunauleta baadaye kama tukiuleta. Yesu aliwakemea pia, sikatai. Lakini aliwakemea watu waliokwisha kuokolewa, wakiwa wamekaa naye mashuani.

Kuna jambo jingine ambalo Marko analigusa kwa maneno machache: palikuwa na mashua nyingine pamoja naye. Waliokuwa humo hawakumwamsha. Huenda hawakujua alikuwa wapi. Lakini shwari ilipokuja, iliwafikia nao. Utunzaji wa Kristo haukuishia kwenye mbao za mashua aliyopanda. Nimefikiri sana habari ya mashua hizo kwa sababu ya yule bibi wa benchi la tatu, aliyekuwa nyumbani kwake amefunga mlango wakati sisi tunaimba salama.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo zito zaidi. Mtu akiogopa hutafuta mkosaji. Spafford na mkewe walilijua hilo. Walipata watoto wengine baada ya ajali, na mwaka 1880 mtoto wao wa kiume akafa kwa homa. Baadhi ya watu wa kanisa lao wakaanza kuona misiba ile kuwa adhabu ya Mungu juu ya nyumba yao. Wakatengana na kanisa hilo. Mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu pamoja na kikundi kidogo, wakaishi huko wakiwahudumia watu bila kuuliza dini zao. Spafford alifia huko mwaka 1888, kwa malaria. Mtu tunayemwimba msibani alikufa kwa ugonjwa unaowaua watoto wetu, na kabla ya hapo alinyooshewa kidole kwa sababu ya kufiwa.

Kule Chicago watu walisema Mungu anamwadhibu. Huku kwetu tunasema jirani amemroga. Maneno hayafanani, lakini hofu ni ileile, na kazi yake ni ileile: kumpata mtu wa kubebeshwa. Na huku kwetu haiishii kwenye maneno. Katika Usukuma bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na samadi kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Watu wenye ualbino wamewindwa katika mikoa yetu ya Kanda ya Ziwa. Mambo yalifika mahali ambapo mwezi Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Marufuku ni jambo jema, lakini haiwezi kuing'oa hofu moyoni. Hiyo ni kazi ya Injili, nasi tuliokabidhiwa Injili mara nyingine tunaimba mbele ya nyumba huku ramli inapigwa nyuma ya nyumba.

Najua pingamizi litakalotolewa. Mtu atasema, "Mbona katika kitabu cha Yona mabaharia walipiga kura, na mkosaji akapatikana?" Ni kweli. Lakini tusome mpaka mwisho. Kura ile haikumwangukia mjane asiye na mtetezi. Ilimwangukia nabii, mtu wa Mungu, naye akakiri mwenyewe. Tena mabaharia wale, hata baada ya kumjua, walipiga makasia kwa bidii kuirudisha merikebu nchi kavu ili wasimtupe. Kisha linganisha na Marko. Hapa pia kuna dhoruba, hapa pia kuna mtu amelala, lakini hakuna kura inayopigwa. Yesu haulizi ni nani kati ya wale walio mashuani aliyeileta tufani. Alipoulizwa juu ya kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, alilikataa swali. Alipozungumza juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine.

Sasa tuutazame ule ubeti wa tatu. Kwa nini mtu aliyefiwa na watoto wanne aimbe juu ya dhambi kusamehewa? Kwa muda mrefu nilidhani ubeti huo umepachikwa tu. Leo nauona kuwa nguzo ya utenzi mzima. Kama dhambi zote zimewekwa msalabani, basi msiba wangu si deni ninalodaiwa na Mungu. Na kama si deni, sina haja ya kutafuta mtu mwingine wa kulilipa. Anayeuamini ubeti huo ameshika mkono wa bibi yule na mkono wa mama aliyefiwa kwa wakati mmoja.

Nimalizie habari ya msiba ule. Siku ya tatu mama mmoja wa kwaya yetu alisema waziwazi kwamba hataimba tena mpaka bibi aletwe. Alikwenda kumchukua nyumbani, akamshika mkono, wakapita naye njia kuu mchana kweupe, mbele ya wanaume waliokuwa wanamtaja. Sisi wengine tulifuata nyuma. Bibi alipoingia ndani, mama wa mtoto alimsalimu kwa heshima ya kawaida ya mkwe kwa mzee. Bibi akajibu, "Mhola." Akakaa kimya. Kisha akasema, "Ila naogopa, mwanangu." Mama wa mtoto akaanza kulia, na safari hii hakuna aliyemnyamazisha. Walilia wote wawili.

Minong'ono haikuisha siku ile, nisiwadanganye. Lakini bibi yupo hai, na benchi lake lina mtu. Miezi kadhaa baadaye niliambiwa kwamba mtoto yule alipelekwa kwanza kwa mfumu, akafikishwa zahanati akiwa amechelewa. Siandiki haya ili kidole kihame kutoka kwa bibi kwenda kwa mama. Alipelekwa na watu walioogopa, nasi kanisani hatukuwahi kuwafundisha kwamba degedege ni dalili ya hatari ya malaria, na kwamba kumkimbiza mtoto zahanati usiku uleule ni namna mojawapo ya kumtumaini Kristo. Tulikuwa tumewafundisha kuimba tu.

Wapendwa, kumtumaini Kristo wakati wa hofu hakumaanishi kuwa na uso mkavu. Wanafunzi walipiga kelele, na wakasikiwa. Safari ijayo tutakapouimba utenzi huu chini ya turubai, tumwache mfiwa aseme ila yake mpaka mwisho. Na kabla hatujaanza ubeti wa kwanza, tutazame ni nani katika majirani hajafika, tumtume mtu akamlete.